Nyumba Mbili za Waride

Mahege, 3 Oktoba 1995

Bibi wa Ustawi wa Jamii amekuja leo bila taarifa. Nilikuwa shambani nafyeka chini ya mikorosho, maana korosho za mwanzo zimeanza kudondoka na majani yakiwa marefu huzioni. Nikasikia Waride ananiita kutoka njiani, "Baba, mgeni! Mgeni wa ofisini!" Nikarudi na panga mkononi, jasho linanichuruzika. Nikamkuta barazani, amekaa kwenye kiti alichopenda kukalia marehemu mke wangu.

Anaitwa Zamda. Ni kijana, viatu vyake vimejaa vumbi, amejitanda kanga juu ya gauni la kazi. Alisimama akaniamkia, akanipa pole ya msiba, kisha akaingia kwenye shughuli yake. Afisa wa zamani kastaafu, na watoto wote wa malezi upande huu wa mto wamekuwa juu yake yeye. Anatoka Utete, anavuka na pantoni pale Ndundu, kisha anadandia lori lolote linalokuja Kibiti.

Waride tulikabidhiwa akiwa mdogo, anajua jina lake tu. Mama yake alishushwa mgonjwa kwenye lori pale kituo cha afya, na marehemu mke wangu Maimuna alikuwa mhudumu wa wodi. Yule mama alikufa kabla hajasema ametoka wapi. Hakuna aliyekuja kuulizia. Sisi hatukujaliwa mtoto, basi Ustawi wakampa Maimuna amlee. Sasa Maimuna naye amekufa, homa ya siku chache tu mwezi wa nane.

"Mtoto alikabidhiwa kwa mama," akasema Bi Zamda. "Mama hayupo. Inabidi niangalie upya, mzee wangu."

Akauliza mtoto analala wapi, nani anamfulia, nani anapika. Nikamwambia kwa fahari, "Anapika mwenyewe." Na kweli wakati ule Waride alikuwa jikoni anasonga ugali wa muhogo, mwiko umemzidi urefu wa mkono, na ugali wake laini hata mtu mzima angeusifu. Bi Zamda alimtazama kitambo kirefu. Sikusikia sifa. Aliaga akaenda zake.

Nimemwona ana maringo.

Naandika haya kwa sababu nimezoea kuandika. Nilikuwa karani wa chama cha ushirika mpaka walipokuja wanunuzi binafsi na chama kikafunga milango. Mkono uliozoea kalamu hautulii.

9 Oktoba

Jua kali. Mabibo yameiva, nyuki kila mahali. Gunia la kwanza limejaa.

14 Oktoba

Shemeji Zabibu, mdogo wake Maimuna, amevuka barabara kuniletea kisamvu. Hakukaa. Alisimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Shemeji, mwanamme peke yako na mtoto wa kike nyumba moja. Ana miaka tisa au kumi huyu, kesho keshokutwa anavunja ungo. Nani atamweka ndani na kumfunda? Wewe?"

"Wakati huo haujafika."

"Utafika ukiwa umekaa hapo hapo. Oa. Hata ukioa kizee, Ustawi watanyamaza."

"Arobaini ya dada yako imepita juzi tu, Zabibu."

"Dada yangu namjua. Angeniambia nikwambie."

Waride alikuwa anatwanga uani. Mchi ulinyamaza tulipokuwa tunasema, ukaanza tena Zabibu alipoondoka. Jioni akaniuliza kama chumvi ya mchuzi imetosha. Nikasema imetosha.

20 Oktoba

Bi Zamda tena, na tena bila taarifa. Mimi nilikuwa Kibiti nashughulikia magunia. Nimerudi mchana nikamkuta uani kwenye mkeka na Waride, wanachagua mchele kama mtu na mdogo wake.

"Mzee Mshamu, leo ni siku ya shule."

"Alisema tumbo linamuuma."

"Mwalimu wake anasema limemuuma mara nyingi tangu mwezi wa tisa."

Nikamtazama Waride. Yeye akatazama ungo.

"Anapobaki nyumbani anafanya nini?" akauliza Bi Zamda.

"Ananisaidia. Anaokota korosho, anaanika, anachota maji. Mtoto mwema huyu."

"Mara ya mwisho umemwona anacheza na wenzake ilikuwa lini?"

Swali lile lilinichoma. Nikamwambia, "Bibi afisa, mtoto wangu ana adabu. Si wa kuzurura."

"Adabu yake nimeiona, mzee. Nauliza kucheza."

Aliondoka na lori la muhogo. Baadaye nikamgombeza Waride, nikamwambia asiwe mwepesi wa kusema na wageni wa ofisini. Machozi yalimlengalenga.

"Sikusema kitu kibaya, baba. Nilimwambia siku hizi unakula vizuri."

23 Oktoba

Nimempeleka Waride shule mwenyewe, mpaka mlangoni mwa darasa la tatu. Aligeuka mara nyingi kuniangalia.

29 Oktoba

Kupiga kura. Foleni mpaka barabarani. Vyama vingi, na jua lilikuwa moja tu, la kuunguza.

5 Novemba

Vuli imeanza kwa kishindo. Leo sikuamka vizuri. Si ugonjwa, ni uzito tu, kama ule wa baada ya matanga. Mvua ilipoanguka Waride alianua korosho zote peke yake, akazisukumia barazani kwa ufagio. Kisha akaniletea uji, akasimama kando ya kitanda. "Baba, amka. Utaswali saa ngapi? Amka unywe kwanza." Sauti yake ilikuwa ya Maimuna kabisa. Nikanywa, nikaamka.

Mungu amenipa mtoto huyu ili nisianguke. Ndivyo ninavyoona.

8 Novemba

Mvua. Waride shule.

10 Novemba

Mvua. Waride hakwenda, njia imejaa maji. Amenifulia kanzu.

16 Novemba

Wino nimeumwaga mara moja.

Bi Zamda amekuja asubuhi. Viatu ameshika mkononi, miguu tope mpaka magotini, maana lori lilinasa njiani akatembea. Nikamkaribisha chai. Alikunywa yote kwanza, ndipo akasema, "Mzee Mshamu, ndugu zake Waride wamepatikana."

Nikadhani sikusikia vizuri.

Akaeleza polepole. Alipochukua kazi hii hakuridhika kwamba mtu anaweza kushushwa kwenye lori asiwe na kwao. Akauliza kwa wanaoleta kamba wakavu Kibiti, wale wa kutoka vijiji vya delta, kama kuna mwanamke aliyeondoka na mtoto mdogo anayeitwa Waride. Maneno yakapita Nyamisati, yakaingia mitoni huko. Wiki iliyopita mwanamme mmoja amekwenda Utete mwenyewe. Anaitwa Nasor, mfanyabiashara wa boriti na kamba, wa Salale. Muzdalifa, mama yake Waride, alikuwa mdogo wake. Alifiwa na mume, kaka akamlazimisha aolewe tena, wakagombana, naye akaondoka na mtoto. Wao waliamini yuko Dar es Salaam. Wamemtafuta Dar miaka yote hiyo. Mama yao, Bi Mwanamina, yuko hai.

"Ana uhakika gani?" nikasema. "Waride wako wengi."

"Ametaja kovu la moto nyuma ya bega. Mkeka wa ukindu ulishika moto akiwa anatambaa juu yake."

Na kovu lile nalijua. Maimuna alilipaka mafuta ya nazi kila Ijumaa.

Ndipo hasira zikanipanda. "Nani alikutuma kutafuta? Mtoto anakula, anavaa, anasoma. Wewe kazi yako ni kukagua. Nani alikutuma kutafuta?"

"Kazi yangu ndiyo hiyo, mzee wangu. Mtoto mwenye ndugu ana haki ya kujua ana ndugu."

"Na mimi ni nani?"

Akasema kwa upole, "Wewe ndiye baba aliyemlea. Hakuna anayekuja kumnyakua. Tutakwenda Salale sote, mimi, wewe na yeye. Tutaiona hiyo nyumba. Na wewe utaitazama kama mimi ninavyotazama ya kwako."

Akamchukua Waride wakakaa nyuma ya nyumba peke yao. Sikusikia waliyosema. Waliporudi, Waride alikwenda moja kwa moja jikoni akaanza kupuliza moto. Nikamfuata nikamuuliza, umesikiaje? Akasema, "Nina bibi." Nikamuuliza, unataka kumwona? Akapuliza moto tena, majivu yakamruka usoni.

"Sijui, baba. Kwani mbali?"

17 Novemba

Hakuna kilichofanyika.

22 Novemba

Zabibu ananiambia nikatae, nijifungie ndani Bi Zamda akija. Namuuliza, nijifungie mpaka lini?

1 Desemba

Mnunuzi amechukua magunia yaliyobaki. Taarifa imekuja kutoka kwa Bi Zamda, safari hii ametuma mtu kabla: tunakwenda tarehe tisa. Zabibu amebadili shauri. Anasema, "Basi nenda. Lakini fumbua macho. Hakuna nyumba isiyo na kasoro, na wewe ulikuwa karani. Kila utakachokiona kibaya, kitaje."

Hilo nimelipokea. Nimejiandaa kwenda kukagua.

10 Desemba, Salale

Tumefika jana alasiri. Naandika nikiwa kwenye baraza la Nasor, asubuhi, maji yamekupwa na tope lote linang'aa.

Kutoka Nyamisati tulipanda boti ya mashine iliyobeba saruji na mafuta ya taa. Mikoko huku na huku, na mto unagawanyika mpaka hujui ulikotoka. Bi Zamda hakuyaweza maji. Hatujafika mbali akaanza kutapika, kichwa nje ya boti. Waride akamshika paji la uso, mkono mwingine mgongoni, anasema, "Pole dada, toa tu, toa yote." Mimi nikamkamulia ndimu. Alipopata nafuu nikamuuliza kwa nini kachagua kazi ya mitoni mtu asiyeweza maji. Akasema, "Sikuichagua mito, mzee. Nilipangiwa." Tukacheka, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nimecheka naye.

Ufukoni walikuwa wamesimama watu wengi, lakini nilimjua bibi bila kuonyeshwa. Uso wa Waride uko pale, umezeeka tu: paji pana, nyusi za kukutana, hata namna ya kukaza midomo. Bi Mwanamina hakulia kwa sauti. Alimshika mtoto mabegani, akamgeuza, akalivuta gauni kidogo nyuma ya bega akaona kovu, kisha akamfunika vizuri. "Alhamdulillahi," akasema. "Alhamdulillahi. Mama yako alizikwa vizuri?"

Waride akanitazama mimi.

Nikajibu, "Alizikwa vizuri, mama. Mke wangu ndiye aliyemwosha."

Akanishika mikono yote miwili, akaibusu.

Tangu hapo nimetazama kila kitu. Paa la makuti linavuja upande wa jikoni. Mbu ni wengi kuliko kwetu. Shule iko ng'ambo ya kijito, watoto wanavushwa na mtumbwi. Nasor anaongea sana, na anapenda kusikilizwa. Haya yote nimeyaweka moyoni niyataje.

Lakini na mengine nimeyaona. Nasor alinichukua pembeni jana baada ya Magharibi, tumekaa kwenye boriti zake. Akasema, "Ndugu yangu Mshamu, mimi ndiye niliyemfukuza Muzdalifa, kwa mdomo wangu. Mtoto huyu sitaki anilipe kwa hilo. Nataka tu awepo mahali ninapoweza kumwona." Mtu mwenye maneno mengi, lakini haya aliyasema taratibu na akanyamaza.

Na wanawake wa nyumba hii ni wengi: mke wa Nasor, binti zake, shangazi mmoja. Waride jana alitaka kusimama jikoni, akanyang'anywa mwiko. Mke wa Nasor akasema, "Toka, mwali, nenda kwa wenzio. Hapa pana wapishi wa kutosha." Alisimama pale uani mikono imening'inia, hajui aifanyie nini. Nilimwonea huruma, nikakaribia kuita.

Ndipo binti mdogo wa Nasor akamvuta.

Sasa hivi nawatazama. Maji yamekupwa, watoto wanakimbia kwenye mteremko wa tope, wanajitupa kwa matumbo na kuteleza mpaka kwenye kidimbwi. Waride alikuwa amesimama kando muda wote, gauni kalikusanya mkononi asilichafue. Wakamwita. Akakataa. Wakamwita tena. Akatazama huku barazani. Mimi nikageuza uso, nikajifanya naandika. Nilipoinua macho nikamwona yuko katikati ya mteremko, mikono mbele, anapiga kelele.

Sijawahi kuisikia sauti hiyo tangu Maimuna afe. Na hata sikuwa nimetambua kwamba imepotea.

11 Desemba, Nyamisati

Tunasubiri gari la Kibiti. Waride amelala juu ya mizigo, nywele bado zina tope.

Bi Zamda alikaa kando yangu. "Haya, mzee wangu. Umeona nini?"

Nikaanza. Nikataja paa linalovuja. Nikataja mbu. Nikataja mtumbwi wa kwenda shule, kwamba mvua za masika itakuwa hatari. Alikuwa anasikiliza, hakunikatiza, hakubisha. Nilipofika kwa Nasor na maneno yake mengi nikasikia sauti yangu mwenyewe, na haikunipendeza. Nikasimama hapo.

"Endelea," akasema.

"Ni nyumba nzuri," nikasema. "Wanamtaka."

"Na yeye?"

"Muulize mwenyewe."

"Nilimuuliza siku ile, nyuma ya nyumba yako. Nilimwambia, ukiambiwa uchague, unataka kukaa wapi? Unajua alinijibu nini?"

"Sijui."

"Aliniuliza, baba atapikiwa na nani?"

Magari yalikuwa yanapita, sikuyaona. Bi Zamda akaendelea, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba mguuni kwa mtu. "Mzee Mshamu, sijaja kwako kutafuta ubaya. Sikuuona. Hujampiga, hujamnyima, hujamtusi. Lakini siku ya kwanza niliyofika nilimkuta mtoto anamlea mtu mzima. Anakuamsha, anakulisha, anakaa nyumbani akulinde usizidiwe na majonzi. Mtoto wa miaka kumi amekuwa mama yako."

Nilitaka kumkatalia. Nikamkumbuka amesimama na uji kando ya kitanda. Nikamkumbuka anavyogeuka mlangoni mwa darasa, na mimi nilidhani anaona haya wenzake.

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Ungenisikia?"

Nisingemsikia. Nikamwambia hivyo.

Akasema shauri bado halijakatwa. Nikikataa, kesi itakwenda mbele, itachukua muda, na mtoto atakaa kwangu mpaka hapo. Nikikubali, aanze mwaka wa shule huko, na likizo aje kwangu, na yeye Bi Zamda atakuwa anapanda ile boti kwenda kumwangalia. Aliposema boti akakunja uso.

Nikamwomba nifikiri. Lakini nilikuwa nimeshafikiri, nikitazama lile tope kwenye nywele.

"Mwandikie aende, mwanangu," nikasema.

Nimemwita mwanangu bila kukusudia. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema ni vumbi.

12 Desemba

Nimemwambia Waride mwenyewe, asubuhi, tukiwa tumekaa barazani. Nilimwambia simfukuzi, kwamba hapa ni kwao na kule ni kwao. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza: nani ataanua, nani atachota maji, nani ataniamsha. Nikamjibu moja moja. Nitaanua mwenyewe. Maji nitachota. Kuamka nitaamka, mimi ni mtu mzima.

"Kupika hujui, baba."

"Nitajifunza."

"Utaunguza."

"Nitakula kilichoungua."

Alicheka, kisha akalia sana, akanilalia mapajani kama alipokuwa mdogo. Sikumkataza.

20 Desemba

Waride ananifundisha kusonga ugali. Anasema nakandamiza kama nalima.

6 Januari 1996

Nasor amekuja kumchukua, pamoja na Bi Zamda. Zabibu alifunga mizigo, analaumu kila mtu, na mwisho akampa mtoto kanga mpya za marehemu dada yake ambazo alikuwa hataki hata ziguswe. Waride aliingia jikoni mara ya mwisho, akafunika chungu cha maji. Akaniambia uji uko kwenye sufuria. Gari likaondoka.

7 Januari

Jumapili. Kimya.

9 Januari

Nimepika. Madonge.

15 Januari

Sikutoka nje jana wala juzi. Leo asubuhi hakuna aliyekuja kuniamsha. Nimelala nikisubiri sauti, jua likapanda, na nikatambua kwamba nasubiri. Nikaona aibu mbele ya ukuta. Nikaamka, nikaoga, nikaswali kadha ya alfajiri iliyonipita, nikachukua jembe. Kuna mikorosho michache ya mwisho haijasafishwa chini.

23 Januari

Mwezi wa Ramadhani umeandama. Zabibu anataka niwe nafuturu kwake. Nimekubali, lakini nami nitapeleka changu: nimepika tambi. Amezila bila kusema kitu, na kwa Zabibu hiyo ni sifa.

4 Februari

Bi Zamda amepita, katoka Salale. Safari hii sikuwa na la kukaguliwa, lakini alikaa. Nikamuuliza alitapika? Akasema, kwenda tu, kurudi alivumilia. Nikamuuliza mtoto. Akasema wiki za kwanza Waride alikuwa anaamka kabla ya watu wote, anafagia uwanja, na Bi Mwanamina anamrudisha kulala. Kila siku anamrudisha. Siku ile Bi Zamda alipofika asubuhi, alimkuta bado amelala.

"Mgonjwa?" nikasema, nimeshainuka nusu.

"Hapana, mzee wangu. Amelala tu."

Idi pili, Salale

Nimekuja kumwona. Nimeleta korosho za kubangua na gauni alilonishonea fundi wa Kibiti kwa kukisia, na kweli limekuwa fupi. Ameota urefu ghafla.

Aliniamkia vizuri, akakaa nami, akanilisha biriani ya bibi yake na kunieleza majina ya wenzake wote, nani mkali na nani mwongo. Aliuliza habari za ugali. Nikamwambia sasa hauna madonge. Hakuamini. Bi Mwanamina akaapa kwa niaba yangu, mzee wa watu, hali hajaniona nikipika hata siku moja. Kisha wenzake wakaja mlangoni wakamwita, naye akanitazama, swali machoni.

Nikasema, "Nenda."

Alikwenda akakaa huko. Mimi nikazungumza na Nasor, au Nasor akazungumza nami, mpaka mwenye boti akapiga ukelele kwamba maji yanaanza kurudi na hatasubiri mtu. Mke wa Nasor akataka kutuma mtoto amwite Waride. Nikamwambia aache, nitapitia hapo hapo wanapocheza.

Walikuwa uwanjani karibu na ghala la boriti, wanacheza rede. Waride alikuwa katikati, mpira unakuja huku na huku, anaukwepa, anainama kujaza mchanga chupani, anaukwepa tena. Amefunga gauni jipya kiunoni, limeshachanika pindo. Nilisimama kidogo. Sikutaka kumwita. Lakini akaniona na mzigo wangu, akanyoosha mgongo, akapunga mkono.

"Baba! Unaondoka? Kwaheri, baba! Mwambie mama mdogo Zabibu nakuja likizo!"

Mpira ukampiga mbavuni.

"Umepigwa! Toka!" wakapiga kelele wote. "Waride, toka!"

"Sitoki!"

"Umepigwa, tumeona!"

"Haihesabiki! Nilikuwa namuaga baba yangu!"

Nikashuka ufukoni, nikapanda. Mwenye boti alivuta kamba ya mashine mara mbili tatu ikakataa, na muda wote huo nilikuwa nawasikia kule juu wakibishana, na sauti yake juu ya zote, haihesabiki, haihesabiki, muulizeni mwenyewe. Kisha mashine ikawaka, na sikusikia kama walimkubalia.